Kutabiri Nini? Uhakiki wa Tafiti za Viashiria vya Tishu katika Saratani ya Tezi Dume baada ya Upasuaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tafiti za viashiria vya tishu zinavyodai kutabiri mwendo wa saratani ya tezi dume baada ya tezi hiyo kuondolewa kwa upasuaji. Uhakiki unajikita katika kipimo cha Decipher, kimojawapo kati ya vilivyoandikiwa zaidi katika uwanja huu, na kukipima dhidi ya daraja la Gleason na dhidi ya viashiria vya ERG na PTEN. Inajengwa hoja kwamba kitenzi kimoja, kutabiri, kimebebeshwa madai matatu yasiyo na ushahidi wa uzito mmoja, na kwamba mshauri wa sera asiyeyatenganisha anaweza kununua jibu la swali ambalo hospitali za nchi yake hazijafikia kuliuliza. Zinajadiliwa pia istilahi za Kiswahili zinazoweza kuyatenganisha madai hayo, na masharti ya utunzaji wa tishu ambayo bila ya hayo hakuna kiashiria kinachoweza kupimwa.

Swali linaloulizwa tishu

Tezi dume ikishaondolewa yote, kipimo cha damu cha PSA hutarajiwa kushuka hadi kiwango kisichosomeka, kwa kuwa chanzo kikuu cha protini hiyo hakipo tena mwilini. PSA ikipanda na kufikia nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari wengi huhesabu kwamba ugonjwa umerudi. Lakini kurudi kwa namba si sawa na kurudi kwa maradhi yanayoua. Jambo hili lilidhihirishwa na Pound na wenzake mwaka 1999, walipochapisha matokeo ya ufuatiliaji wa wanaume 1,997 waliopasuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Kati yao, 315, yaani takriban asilimia 16, walipandwa na PSA. Kati ya 304 wa kundi hilo walioingizwa katika uchambuzi, waliopata saratani iliyosambaa mbali katika kipindi cha ufuatiliaji walikuwa 103. Mediani ya muda tangu PSA kupanda hadi saratani kusambaa ilikuwa miaka 8, na tangu kusambaa hadi kifo miaka 5 mingine.

Mzee wa miaka 70 anayeambiwa kwamba PSA yake imepanda anaweza, basi, kufa kwa maradhi mengine kabla saratani haijamfikia mifupani. Anaweza pia kuwa miongoni mwa wachache ambao kwao kila mwezi wa kungoja una gharama. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga huweza kuacha mkojo usiozuilika, damu katika haja kubwa na upungufu wa nguvu za kiume; tiba ya homoni hudhoofisha mifupa na misuli. Kuwapa wote tiba hizo ni kuwaumiza wengi kwa ajili ya wachache. Kutompa yeyote ni kuwaacha hao wachache. Ndipo macho yalipogeukia tishu iliyokatwa: je, ndani yake hamna kitu kinachoweza kumtofautisha mmoja na mwingine tangu mapema?

Kitu hicho ndicho kinachoitwa hapa kiashiria cha tishu. Ni chochote kinachopimika ndani ya kipande cha mwili, iwe ni umbo la seli, kuwapo au kukosekana kwa protini, au wingi wa nakala za RNA, na kinachohusishwa na yatakayompata mwenye tishu hiyo.

Kiashiria cha zamani kuliko vyote

Maandishi ya miaka ya karibuni huelekea kuandikwa kana kwamba tishu ilianza kusema siku jeni zilipoanza kusomwa. Mwaka 1966 Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa Minneapolis, alichapisha mfumo wa kuipanga saratani ya tezi dume kwa kutazama mpangilio wa vitezi vyake chini ya hadubini. Mfumo huo umerekebishwa mara kadhaa, na mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 2014 uliukusanya katika madaraja matano. Epstein na wenzake (2016) waliyapima madaraja hayo kwa wanaume zaidi ya 20,000 waliopasuliwa. Miaka 5 baada ya upasuaji, wale ambao PSA yao ilikuwa haijapanda walikuwa asilimia 96 katika daraja la kwanza, 88 katika la pili, 63 katika la tatu, 48 katika la nne na 26 katika la tano.

Mteremko huo wa kutoka 96 hadi 26 umepatikana kwa rangi mbili za kawaida za maabara, hematoksilini na eosini, na kwa jicho lililofunzwa. Udhaifu wake unajulikana: wataalamu wawili wakipewa slaidi moja hawakosi kutofautiana, hasa pale panapohitajika kuamua kama vitezi vimeungana au bado vimetengana. Hata hivyo, kiashiria chochote kipya hakina budi kupimwa dhidi ya mteremko huo. Kupimwa dhidi ya kutojua lolote si mtihani. Mwaka 2011 Cooperberg na wenzake walikwenda hatua moja zaidi kwa kuunda alama ya CAPRA-S, ya kuanzia 0 hadi 12, inayojumlisha PSA ya kabla ya upasuaji, daraja la Gleason, hali ya kingo za kipande kilichokatwa, kutoka kwa saratani nje ya tezi, kuingia kwake katika vifuko vya shahawa, na kufika kwake katika tezi za limfu. Hakuna mashine inayohitajika. Kinachohitajika ni ripoti ya patholojia iliyoandikwa kwa ukamilifu, na hilo, kwa wanaozifahamu ripoti za hospitali nyingi, si sharti dogo.

Decipher: kilichoonyeshwa na kilichodhaniwa

Kipimo cha Decipher kilitokana na kazi ya Erho na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2013. Watafiti walichukua tishu za wanaume 545 waliopasuliwa katika Mayo Clinic kati ya 1987 na 2001, wakasoma vipengele takriban milioni 1.4 vya RNA, kisha wakaiachia kompyuta ichuje. Wanaume 359 walitumika kuvichagua viashiria, na 186 waliobaki walitumika kuvijaribu. Viashiria 22 ndivyo vilivyosalia, na jumla yake huandikwa kama alama moja kati ya 0 na 1. Baadhi ya waandishi walikuwa waajiriwa wa kampuni iliyokimiliki kipimo, jambo walilolitangaza wenyewe. Tangazo la namna hiyo haliyabatilishi matokeo, ila humdai msomaji ayatafute matokeo ya watu wengine pia.

Katika kundi la majaribio, uwezo wa alama hiyo wa kutofautisha ulikuwa 0.75, ilhali taarifa za kawaida za kitabibu zilifikia 0.69. Namba hizi hunukuliwa sana na kufafanuliwa kwa nadra. Maana yake ni hii: ukichukua wanaume wawili, mmoja ambaye saratani yake ilisambaa na mwingine ambaye yake haikusambaa, kipimo kitampa yule wa kwanza alama ya juu zaidi katika jozi 75 kati ya 100. Taarifa za kawaida zitafanya hivyo katika jozi 69. Kurusha shilingi kutafanya hivyo katika jozi 50. Faida ya jeni, basi, ni jozi 6 katika 100, na kuziunganisha jeni na taarifa za kawaida hakukuipandisha namba hiyo, kwani ilikuwa 0.74. Faida hiyo si haba. Lakini haifanani na lugha ya mapinduzi ambayo mara nyingi huifuata.

Liko pia suala la muundo wa utafiti wenyewe. Wanaume hao 545 hawakuwa mfuatano wa kawaida wa wagonjwa waliopita katika chumba cha upasuaji. Walichaguliwa ili wale waliosambaliwa na saratani walinganishwe na wale wasiosambaliwa, na kwa hiyo waliosambaliwa walikuwa wengi kuliko ilivyo katika wodi. Muundo wa aina hiyo unafaa kwa kutafuta viashiria. Haufai kwa kumwambia mgonjwa hatari yake ni asilimia ngapi, kwa kuwa uwiano wa wagonjwa umewekwa na mtafiti.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na Karnes na wenzake mwaka huohuo wa 2013, tena kwa tishu za Mayo Clinic, lakini kwa wanaume wa hatari kubwa waliopasuliwa kuanzia 2000 hadi 2006 na kwa sampuli iliyolinda uwiano halisi. Waliokuwa na alama ya chini walisambaliwa na saratani ndani ya miaka 5 kwa asilimia 2.4, wa kati kwa asilimia 6.0, wa juu kwa asilimia 22.5. Haya ni matokeo mazuri, na makala haya hayana nia ya kuyapunguza. Lakini yasomwe kwa pande zote mbili. Alama ya chini inatuliza kwa haki. Alama ya juu, kwa upande wake, inawaweka wanaume 100 katika kundi la hatari, na 77 au 78 kati yao wanafika mwaka wa tano bila saratani kusambaa. Daktari anayemwambia mmoja wao kwamba jeni zake "zimetabiri" kusambaa amesema jambo ambalo utafiti haukulisema. Utafiti ulizungumza juu ya kundi, naye amelipeleka kwa mtu mmoja.

Cooperberg na wenzake (2015) walipokipima kipimo hicho kwa wanaume 185 dhidi ya CAPRA-S, wakitumia kifo kwa saratani kama kigezo, walipata 0.78 kwa Decipher na 0.75 kwa CAPRA-S. Watafiti walisisitiza kwamba viwili hivyo vikitumika pamoja hutoa taarifa zaidi, na hilo linakubalika. Mshauri wa sera, hata hivyo, ana haki ya kuitazama tofauti ya 0.03 na kukumbuka kwamba alama moja hulipiwa na nyingine hujumlishwa kwa kalamu.

Madai matatu ndani ya kitenzi kimoja

Mamlaka za hali ya hewa hutabiri kwamba mvua za vuli zitakuwa haba. Hazimwambii mkulima kama mbolea aliyonunua itamfaa katika uhaba huo, wala hazimhakikishii kwamba akibadili mbegu kwa kusikia utabiri atavuna zaidi ya jirani yake ambaye hakusikiliza redio. Hayo ni maswali matatu. Katika tafiti za viashiria vya tishu maswali hayohayo matatu hufichwa ndani ya kitenzi kimoja.

Dai la kwanza ni kwamba kiashiria kinaonyesha ugonjwa utakwenda wapi ukiachwa katika mkondo wa tiba uliopo. Dai la pili ni kwamba kinaonyesha ni nani atakayenufaika na tiba fulani na ni nani ambaye haitamfaa. Dai la tatu ni kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa kukifuata wanaishi zaidi au wanaumia kidogo kuliko waliotibiwa bila hicho. Kwa dai la kwanza, Decipher ina ushahidi wa kutosha. Ugumu unaanzia hapo.

Mfano bora wa ugumu huo ni uchambuzi wa Feng na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021. Walirudi katika jaribio la RTOG 9601, ambamo wanaume 760 waliopandwa na PSA baada ya upasuaji walipewa mionzi na kugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipewa bikalutamidi kwa miaka miwili na nusu kidonge kisicho na dawa. Kwa kila ongezeko la 0.1 la alama ya Decipher, uwiano wa hatari ya kusambaa ulikuwa 1.17. Dai la kwanza limethibitika tena, na safari hii katika tishu zilizotoka ndani ya jaribio halisi. Ila matokeo hayo yalisomwa pia kama ushauri kuhusu nani apewe homoni. Hapo panahitaji uangalifu. Dawa ikipunguza hatari kwa sehemu ileile kwa watu wote, wenye hatari kubwa wataonekana kunufaika zaidi kwa hesabu tupu: robo ya 40 ni 10, robo ya 4 ni 1. Kipimo kinachomwonyesha mwenye 40 kina kazi yake, lakini kazi hiyo ingeweza kufanywa na kiashiria chochote kinachopanga hatari, Gleason ikiwamo. Haimaanishi kwamba tishu imetambua mwili unaoipokea dawa.

Jambo jingine katika uchambuzi huo hupitwa haraka: kati ya wanaume 760, RNA iliyosomeka ilipatikana kwa 352. Zaidi ya nusu hawamo. Tishu zao ziliisha, au hazikupatikana, au hazikusomeka. Hiyo ilikuwa katika jaribio la nchi yenye maabara imara.

Kuhusu dai la tatu, zipo tafiti zilizoonyesha kwamba madaktari hubadili ushauri wao wakionyeshwa alama ya tishu. Kubadili ushauri ni tabia ya daktari. Afya ya mgonjwa ni jambo lingine. Majaribio yanayowapanga wanaume kwa mujibu wa kiashiria cha tishu na kisha kuwagawa kwa bahati nasibu yamekuwa yakiendeshwa Marekani, nayo ndiyo yatakayoamua.

Wakati yakisubiriwa, swali la mionzi ya mapema limejibiwa kwa kiasi kikubwa bila kusoma jeni hata moja. Jaribio la RADICALS-RT liliwaingiza wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland, wote wakiwa na angalau dalili moja ya hatari baada ya upasuaji. Nusu walipangiwa mionzi mara moja, nusu waliangaliwa kwa PSA na kupewa mionzi pale tu ilipopanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba kuharakisha mionzi kulizuia ugonjwa zaidi, na walioharakishiwa walipata matatizo mengi zaidi ya mkojo. Watetezi wa viashiria hujibu kwamba ndani ya wanaume hao wamo wachache wa hatari ya juu kabisa ambao mionzi ya mapema ingewafaa, na kwamba tishu ndiyo inayoweza kuwatambua. Jibu hilo lina mantiki. Lakini ni dhana, na dhana haipandishwi cheo kwa kurudiwa.

Kiswahili kina wajibu wake hapa. Kutabiri na kubashiri hutumika kama visawe, na baadhi ya wafasiri wa maandishi ya tiba wamejaribu kukigawia kila kimoja dai lake: kubashiri kwa mwendo wa ugonjwa, kutabiri kwa mwitikio wa tiba. Mgawanyo huo ni nadhifu kwenye karatasi na hauna mizizi katika masikio ya msomaji, ambaye tangu shuleni ameviona vitenzi hivyo vikifafanuliwa kimoja kwa kingine. Inapendekezwa badala yake kusema wazi: kiashiria cha mwendo wa ugonjwa, kiashiria cha manufaa ya tiba. Ni maneno marefu zaidi. Lakini waziri anayesoma muhtasari wa ukurasa mmoja atajua anachoahidiwa.

Kiashiria kimoja, nchi mbili

Mwaka 2005 kundi la Tomlins na Chinnaiyan huko Michigan liligundua kwamba katika saratani nyingi za tezi dume jeni iitwayo TMPRSS2 huungana na jeni ya ERG. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kwa sayansi, na watafiti wakakimbilia kuuliza kama muungano huo hutabiri kifo. Mwaka 2007 Demichelis na wenzake, wakitumia kundi la wanaume wa Sweden waliokuwa wakiangaliwa bila kutibiwa, walijibu kwamba ndiyo, unahusiana na saratani inayoua. Mwaka 2012 Pettersson na wenzake walitazama wanaume 1,180 waliopasuliwa Marekani, wakaunganisha na tafiti nyingine, na kujibu kwamba baada ya upasuaji ERG haihusiani na kurudi kwa ugonjwa wala na kifo.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. Makundi hayo mawili yaligunduliwa kwa njia tofauti na yakaangaliwa kwa namna tofauti. Kiashiria hakisemi neno moja kila mahali. Husema kulingana na namna ugonjwa ulivyogunduliwa na kilichofanywa baadaye. Miongozo ya REMARK ya mwaka 2005 ilitungwa kwa sababu ya mikanganyiko ya aina hii, ikiwataka watafiti waeleze tishu ilitoka kwa nani, ilichaguliwaje na ilihifadhiwaje. Bado si kila makala huitii.

PTEN ni habari tofauti kidogo, kwa kuwa kupotea kwake kunahusishwa na mwendo mbaya katika tafiti nyingi, na hupimwa kwa kingamwili juu ya slaidi, kazi ambayo maabara yenye vifaa vya wastani inaweza kuimudu. Lakini kupotea kwa PTEN, sawa na muungano wa ERG, hutokea mara chache zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko kwa Wamarekani weupe. Athari yake haizungumzwi inavyostahili. Pale ambapo kupotea ni kwa nadra, jibu la "haijapotea" litatolewa kwa karibu kila mtu, wakiwamo wale ambao saratani yao itawaua kwa njia nyingine. Kipimo kitakuwa sahihi kimaabara na bubu kitabibu.

Na tezi moja mara nyingi hubeba zaidi ya saratani moja. Doa la kushoto linaweza kuwa na ERG na la kulia likakosa. Kwa kawaida huchukuliwa doa lenye daraja la juu zaidi, kwa imani kwamba ndilo litakalosambaa. Ni imani yenye msingi, ingawa si mara zote huthibitika.

Tishu ya nani, na kwa uamuzi upi

Mayo Clinic ni hospitali kuu ya Minnesota, na wagonjwa wake wa miaka ile walikuwa kwa wingi mkubwa Wazungu. Utafiti wa Jaratlerdsiri na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulisoma jenomu nzima za saratani 183, kati yake 123 zikiwa za wanaume wa Afrika Kusini, na ulipata sababu za kuainisha saratani za Waafrika kwa kuzizingatia zenyewe. Haukuwa utafiti wa kupima alama za baada ya upasuaji. Unatosha, hata hivyo, kuifanya hoja ya "jeni ni jeni" isikubalike bila ushahidi.

Katika Uganda, daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa miaka ya 1950 na linalohudumia eneo la Kyadondo, limeonyesha ongezeko la muda mrefu la saratani ya tezi dume. Lakini wanaume wengi wa ukanda huu hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kutoka nje ya tezi, na tiba yao huwa kushusha homoni ya kiume kwa dawa au kwa kuondoa korodani. Wanaofaa kuondolewa tezi yote ni wachache. Swali ambalo Decipher ilitengenezewa linawahusu hao wachache tu, na mshauri anayeleta pendekezo la kulinunulia taifa kipimo hicho aanze kwa kuuliza ni tezi ngapi zilikatwa mwaka uliopita.

Kisha aulize kuhusu mionzi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwapo Uganda iliharibika kabisa, na takriban miaka miwili ilipita kabla ya mpya kuanza kazi. Rwanda ilianza kutoa tiba ya mionzi ndani ya nchi mwaka 2019. Alama ya 0.8 iliyomfikia mgonjwa wa Kampala mwaka 2017 ingemwambia kwamba yumo katika kundi la hatari, na isingembadilishia uamuzi wowote isipokuwa wa kuuza shamba ili asafiri.

Hoja ya upande wa pili isipuuzwe, nayo ndiyo ngumu zaidi. Mafunzo ya RADICALS-RT yanategemea kungoja kwa macho wazi: PSA ikipimwa kwa ratiba, kwa miaka, na mionzi ikipatikana mara inapopanda. Kwa mwanamume aishiye mbali na maabara na anayelipia kila kipimo mwenyewe, kungoja huko hugeuka kupotea. Kiashiria kinachopimwa mara moja tu, siku ya upasuaji, bila kumdai arudi, huenda kikawa na thamani kubwa zaidi kwake kuliko kwa mwenzake wa Minnesota. Alama ya chini ingeruhusu ratiba nyepesi. Alama ya juu ingeelekeza rasilimali chache za ufuatiliaji kwa anayezihitaji. Ni hoja inayostahili utafiti wake yenyewe, na utafiti huo hauwezi kuazimwa kutoka Marekani.

Utafiti wa namna hiyo huanzia chumba cha upasuaji. Fomalini hupenya tishu polepole, takriban milimita moja kwa saa. Tezi nzima ikitumbukizwa katika chombo kidogo, nje hukauka kwa dawa huku katikati ikiendelea kuoza. Kinachotakiwa ni fomalini mara kumi ya ujazo wa tishu, iliyotiwa bafa, kwa kuwa isiyo na bafa hugeuka tindikali na kuzikatakata RNA na DNA. Saa ya kukatwa na saa ya kuingia katika fomalini ziandikwe. Bloku za nta zihifadhiwe mahali pakavu na pasipo joto kali, wala zisitupwe kwa sababu kabati limejaa. Ripoti itaje kila kinachohitajika katika CAPRA-S, hata kama hakuna anayekusudia kuijumlisha leo.

Kuna pia suala la mamlaka. Kipimo cha aina ya Decipher hufanyiwa Marekani, na kampuni yake imejenga hazina kubwa ya data kutokana na tishu zilizopimwa. Bloku ikisafirishwa, taarifa zake za RNA husafiri nayo. Mkataba wa kuhamisha sampuli unapaswa kueleza nani atazitumia taarifa hizo, kwa muda gani, na kama hospitali iliyotoa bloku itarudishiwa matokeo ghafi au alama tupu. Kamati za maadili zimezoea kuuliza kuhusu damu ya watafitiwa. Bloku ya kabatini, kwa kuwa ilikatwa kwa ajili ya tiba, hupita mlango bila kuulizwa.

Miaka kumi ijayo mtu ataweza kuuliza kama alama iliyobuniwa Minnesota iliwapanga sawasawa wanaume waliopasuliwa Kampala, Kigali au Bujumbura. Atahitaji bloku za leo, na atahitaji kujua nani kati ya wenye bloku hizo alipandwa na PSA, nani saratani ilimfikia mifupani, na nani alizikwa kwa ugonjwa mwingine. Bloku isiyo na namba inayoiunganisha na faili la ufuatiliaji haitaweza kumjibu, hata kama RNA yake ingali nzima.